Kibakuli Kilichomtia Guilan Wivu

"Kibakuli unakiogesha kwa maji ya uvuguvugu kila asubuhi! Mgongo wangu uliukanda lini?"

Hiyo ilikuwa sauti ya Guilan, mke wa shemeji yangu. Ukuta kati ya nyumba zetu ni wa matofali ya tanuri kuukuu, hauzuii neno. Nikaepua pilipili jikoni nikatoka uani kusikia vizuri na kuchungulia juu ya ukuta.

"Guilan, kitu hiki ni cha babu," mumewe Jishun akasema.

"Babu kafa! Mimi ndiye niliye hai. Hebu nitazame!"

Hakumtazama. Alikuwa amekipakata kama kitoto kichanga.

Ni kibakuli cha kuoshea brashi za kuandikia, umbo lake ua lililochanua, na ndani yake joka la buluu lenye kucha tano. Kucha tano ni za mfalme peke yake. Hapa Jingdezhen, mji wa kauri, chombo cha mfalme kikitoka tanurini na dosari kilivunjwa na kufukiwa, asije mtu wa kawaida akachovya brashi yake humo. Babu yao alivikuta vipande akichimba msingi wa nyumba. Jishun alipostaafu akaviunganisha kimoja kimoja. Petali moja haikuonekana, ikapotea na mguu mmoja wa joka.

Guilan aliingia kiwanda cha kauri akiwa msichana wa misuko miwili ya nywele, akapewa kazi ya kujaza rangi. Kwetu achoraye mistari hajazi, na ajazaye hachori. Brashi ya kujaza ni nene, imebeba maji ya rangi tele, na unayaongoza ndani ya mstari bila brashi kugusa udongo. Kiwanda kilipofungwa alijaza vikombe vya chai sebuleni, akamsomesha mwanawe kwa vikombe hivyo. Mkono wake mtulivu, moyo wake haujatulia hata siku moja. Jishun akisifu tambi za mwanamke fulani sokoni, basi tambi za pale hazitaliwa tena nyumbani mpaka mwanamke ahame.

Kwa hiyo wivu wa kibakuli tuliuzoea, tukaucheka. Kicheko kilikwisha muuza tofu aliposema Jishun anashinda kila alasiri kwa Yunxiu, mjane wa ng'ambo ya daraja. Yunxiu alikuwa mchora mistari kiwanda kilekile, na bado ana kiuno.

Siku ya ugomvi huo nilimkuta Guilan anafunga furushi.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Nanchang, kwa mwanangu. Huyu na abaki na wake zake wawili, wa udongo na wa ng'ambo."

"Utarudi lini?"

"Nikikumbuka njia."

Hakuwa anatania. Midomo ilikuwa imemkauka. Nikasimama mlangoni kama gogo ili asipite, na kumbe mtu mwingine alikuwa anataka kuingia. Yunxiu! Amebeba kibao mikononi, anatembea kama aliyebeba mayai.

"Jamani nipisheni, ni mbichi hii."

"Umeleta nini?" Guilan akauliza. "Posa?"

"Nimeleta kazi yako, dada. Mistari tayari."

Juu ya kibao kulikuwa na petali ya udongo mweupe, haijapakwa chochote ila mistari myembamba: mguu wa joka, magamba, kucha tano. Jishun ndiye aliyeifinyanga, kubwa kidogo kuliko ile iliyopotea, maana moto huipunguza.

Guilan akamgeukia mumewe, aliyekuwa bado amekipakata kibakuli. "Ndiko ulikokuwa unashinda?"

"Nimeharibu petali nyingi kabla ya hii, na yeye akichora nashika taa. Mistari hutangulia, Guilan. Ningekupa nini cha kujaza?"

"Na mdomo? Ulikuwa tanurini?"

"Nilidhani unajua. Nani mwingine ajaze?"

Mwanamume huyo! Alishangaa kweli, kama mtu aliyeulizwa nani atakayelala kitandani mwake.

"Sijui," Guilan akasema. "Niombe."

Jishun akakiweka kibakuli mezani. Akamtazama, safari hii vizuri.

"Naomba unijazie."

Guilan akalifungua furushi. Ndani mlikuwa na gauni moja, na brashi zake zote.

Akaketi, akachovya, akainua mkono juu ya mistari ya Yunxiu. Tone lilining'inia. Niliona Yunxiu amekunja vidole. Tone lile likivuka mstari, kazi yake yote imekwisha, na nani angesema si bahati mbaya?

"Dada," Yunxiu akaropoka, "ile tiketi yako ya bafu la kiwanda, ya majira ya baridi, uliyodhani umeipoteza. Niliichukua mimi."

"Nilijua. Ulirudi bwenini kwetu unanukia sabuni. Nyamaza sasa, nimebeba maji."

Akashusha mkono. Rangi ikatiririka ukuchani, ikafika mstarini, ikasimama. Ukucha wa pili. Wa tatu. Sote tulipumua kwa zamu. Ulipojaa wa mwisho akainyonya rangi iliyozidi kwa ncha ya brashi, akamsogezea Yunxiu kigoda kwa mguu.

"Kaa. Tiketi nimekusamehe, bafu lenyewe lilishabomolewa. Ila mume sikuazimi."

"Huyo?" Yunxiu akaketi. "Mchana kutwa anasimulia kibakuli. Kaa naye mwenyewe."

Guilan akacheka mpaka akaweka brashi chini, akaniambia nikalete chai.