Ruhusa ya Kumshika Mama Mkwe

Nimemshika mama mkwe wangu kiunoni mbele ya turubai zima la wageni, na kabla ya kumshika nilimwomba ruhusa kwenye spika. Cheka kwanza umalize, mimi nimeshazoea, maana hata muuza mkaa wa mtaani kwetu Nyegezi siku hizi ananiita Mzee wa Ruhusa.

Ilikuwa wikiendi ya komunio ya kwanza ya binti yetu Neema. Jumamosi, wenzangu wanafunga turubai, mimi nikashinda kwenye mafunzo ya dharura kazini (niko kiwanda cha minofu ya samaki), tukafundishwa kuzima moto, kufunga jeraha na kumsaidia mtu aliyekabwa na chakula, na kuna jambo mkufunzi alilirudia mpaka likatukaa kichwani: mgonjwa akiwa na fahamu zake, usimguse kabla hujamwomba ruhusa. Nyumbani nako kulikuwa na mtu wa kuchungwa, mama mkwe, aliyekuja kutoka Magu na presha yake, na mke wangu Vero alikuwa hambanduki, "Mama, hiyo ina chumvi, weka chini," mpaka mama wa watu akawa anakula kwa kuibia.

Jumapili baada ya misa, watu wanakula, MC akanipa maiki nishukuru wageni. Nikashukuru. Hapo ningemrudishia maiki yake nikae, mambo yangeishia hapo, ila nikajiambia ngoja niwaeleze kidogo kuhusu mafunzo yangu (cheti kilikuwa mfukoni, unadhani ningekiacha chumbani?). Nimefika kwenye kuzima moto, naona meza ya wakwe inachafuka. Mama mkwe kasimama, mikono kooni, mdomo wazi, hatoi hata sauti. Baadaye alikiri kwamba alidhani Vero anakuja, akameza pande la nyama ya mbuzi bila kulitafuna.

"Presha! Presha imepanda!" watu wakapiga kelele. Huyu anampepea na kitenge, yule anakimbilia maji. Mimi nikajua palepale kwamba si presha. Lakini jamani, yule ni mama mkwe! Miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi kumpa hata mkono, namwamkia kwa mbali, "Shikamoo mama," nikitazama chini, na akipita koridoni mimi narudi chumbani. Nikaganda. Nikaanza kumwelekeza kwa mdomo kaka yake Vero, shemeji Masanja: "Mpige mgongoni, katikati ya mabega!" Masanja akampigapiga kwa vidole kama anamfuta vumbi. Midomo ya mama ikaanza kubadilika rangi, na mimi nikaogopa kweli.

Nikaruka meza. Na kwa kuwa nilifundishwa nikafundishika, nikamuuliza, maiki bado iko mdomoni: "Mama, naomba ruhusa nikushike kiunoni!"

Spika zilikuwa mbili, zote zimeelekezwa barabarani. Baba mkwe, aliyekuwa nyuma ya turubai na wazee wenzake, hakuona kitu, alisikia tu, akaja na fimbo. Vero akatoka jikoni na mwiko: "Baba Neema, umelewa?"

Mama akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu zote. Nikachomeka maiki kwenye mfuko wa koti, nikampiga mgongoni mara tano, wapi! Nikapita nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, nikavuta. "Moja!" spika zikanguruma. "Mbili! Vumilia mama! Tatu!" Ya nne, nyama ikaruka ikatua kwenye kachumbari ya MC, na mama akavuta pumzi moja ndefu ambayo mtaa mzima uliisikia. Vigelegele vilivyopigwa hapo, sikuvipata hata siku ya harusi yangu!

Fimbo ya baba mkwe ilikuwa tayari hewani. Akaishusha taratibu.

"Umemshika mkweo?"

"Ndiyo baba. Shikamoo."

"Marahaba."

Mzee mmoja akasema hilo lina faini. Mama mkwe akamkata, sauti bado inakwaruza: "Faini atozwe kwa kuchelewa! Mimi nakufa, yeye anatazama viatu!"

Tulimpeleka hospitali akaangaliwa, akaonekana mzima, na presha yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Watu wanacheka ile ya spika, na mimi nacheka nao. Kinachoniuma ni ule muda niliosimama nikilinda adabu wakati mama hana pumzi. Sigandi tena, awe mkwe, awe nani.

Jumatatu asubuhi akiondoka, nikamwamkia kwa mbali kama kawaida, uso chini.

"Sogea hapa," akasema. Nikasogea. "Niangalie."

Nikamwangalia, kwa mara ya kwanza tangu nioe. Kumbe Neema wangu kachukua macho yake.