Nilisema Laptop ni Mbovu, Tata Yangu Akanyang'anywa Ufunguo

Kosa ni langu, sina wa kumsukumia. Nimekaa na hili jambo mwaka mzima na kusema kweli nimechoka nalo. Acha niliseme.

Niko na saiba ndogo ya kompyuta hapa Nyeri mjini, juu ya duka la mbolea. Siku hizi vijana wengi wa huku wanasoma Kijapani ili waende kule kutunza wazee, na fomu zao zinatakiwa kwa Kijapani. Mimi ndiye niliyekuwa nawachapia. Waliniita Daktari. Na mimi nikalipenda hilo jina, woi!

Kuandika Kijapani kwa kompyuta si ajabu. Unachapa herufi zetu hizi za kawaida, programu inazigeuza kuwa za kwao. Lakini kulikuja sasisho fulani likaharibu mambo. Ukichapa, herufi zinabaki vile vile, hazigeuki. Nilihangaika wiki mbili. Mwishowe nikapata dawa kwenye mtandao, mahali watu wanaulizana shida zao: unaingia kwenye mipangilio, unawasha swichi moja inayorudisha programu ya zamani, basi. Swichi moja! Dakika mbili na mashine inaandika kama kawaida.

Sikumwambia mtu. Niliona wakijua ni swichi tu, nani atapanda ngazi zangu tena? Nani ataniita Daktari?

Ndipo akaja msichana mmoja kutoka Giakanja, tumwite Nyambura. Alikuwa na laptop mpya, ameifunga kwa kitambaa ndani ya mkoba. Wamama wa chama cha kanisa walikuwa wamechanga wakamnunulia ili amalize masomo na atume maombi yake.

"Daktari, hii kitu inakataa kuandika Kijapani," akasema. "Na niko na wiki tatu tu za kutuma fomu."

Shida niliijua hata kabla sijaketi. Nikatingisha kichwa vile makanika hufanya akiona gari ya mgeni.

"Hii ulinunuliwa mbovu," nikamwambia. "Iko na shida ya ndani. Wewe kuja tu uandikie hapa kwangu."

"Ati mbovu? Na ni mpya?"

"Mpya si kitu. Siku hizi watu wanauziwa takataka."

Maneno ya kuropoka tu hayo. Sikumuuliza aliyeinunua ni nani. Heri ningeuliza!

Aliyeinunua alikuwa tata yangu, dada ya marehemu mama, yule aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu. Chama kilikuwa kimechagua wanawake wawili waende Nairobi kuinunua. Mwenzake akaugua asubuhi hiyo, tata akaenda peke yake. Sasa Nyambura akamwambia mamake laptop ni mbovu, mamake akawaambia wenzake, na kabla ya wiki kuisha habari ilikuwa imegeuka: ati tata alinunua takataka ya bei rahisi, pesa iliyobaki akala.

Huku kwetu mwanamke akisemekana amekula pesa ya chama, hata salamu hupungua. Na tata hakuwa mwanachama wa kawaida. Sanduku la chama lina kufuli tatu, kila ufunguo na mwenyewe, na halifunguki hadi wote watatu wafike. Ufunguo mmoja ulikuwa wa tata. Alikuwa ameuweka miaka kumi na moja.

Nilisikia haya yote kwa Nyambura mwenyewe, akilia hapo kwenye kaunta yangu. "Daktari, kumbe ni tata yako alininunulia? Wanamsema vibaya sana."

Hapo ndipo ningesema. Sentensi moja tu: mashine ni nzima, mimi ni mwongo. Badala yake nikajifanya mwerevu. Niachie, nikamwambia, nitajaribu. Akitoka tu nikawasha ile swichi, chai yangu hata haijapoa. Halafu nikaitia laptop kwenye droo siku nne nzima ili ionekane kazi ilikuwa ngumu. Nilidhani ikipona, maneno yataisha.

Alhamisi nikaipeleka kwenye mkutano wa chama kanisani mimi mwenyewe. Nyambura akachapa, herufi zikageuka, wamama wakasimama. Nilipigiwa ngemi tano, vigelegele vile hupigiwa mtoto wa kiume akizaliwa. Ngai! Na mimi nilikuwa natabasamu.

Kisha mwenyekiti akamgeukia tata. "Sasa tumejionea wenyewe. Ilikuwa mbovu kweli. Bila huyu kijana, jasho letu lingeenda bure. Mama, rudisha ufunguo."

Mmeona? Dawa yangu ndiyo iliyomhukumu. Kama haikuwa mbovu, nilitengeneza nini?

 Tata alifungua fundo la kitambaa chake, akatoa ufunguo, akauweka mezani. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Mdomo wangu ulikuwa umejaa mandazi waliyonipa.

Tukitoka akanishika mkono. "Asante, kijana yangu. Angalau umenipunguzia aibu."

Jamani!

Nyambura alituma fomu, akaitwa, saa hii yuko Japani. Hunitumia salamu kwa Kijapani na mimi nashindwa kuzijibu. Ile swichi sasa namwonyesha kila anayepanda ngazi zangu, bure. Haijanisaidia kitu. Tata haendi chama tena. Alhamisi wenzake wakipita karibu na lango lake, huenda nyuma ya nyumba akangoja hadi wapite.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nilimkuta akichagua maharagwe, nikamwambia yote. Alitoa kokoto moja kwenye maharagwe, akaitupa kando.

"Kwa hivyo haikuwa mbovu?"

"Haikuwa, tata."

"Na ngemi ukapokea."

"Nilipokea."

Hakunitukana. Heri angenitukana! Akasukuma sinia kando. "Mimi sikuwa najiuliza kama mimi ni mwizi. Ni wao walikuwa wanajiuliza. Enda uwaambie wao."

Wewe unayesoma, kama una ujuzi hata kidogo, usiufiche ndio uonekane mkubwa. Ukimwambia mtu kitu chake kimeharibika na unajua kiko sawa, kuna mwingine mahali atakayeulizwa, na hayupo hapo kujitetea. Na ukishakosea usijaribu kurekebisha kwa ujanja. Sema mapema, wakati bado ni sentensi moja.

Tangu tata aniambie vile, Alhamisi nne zimepita. Kila Alhamisi nimefika hadi mlango wa kanisa, nikawasikia wakicheka huko ndani, nikarudi. Ndiyo maana nimeanza na nyinyi. Nyinyi hamnijui.