Rula Akalia Mbao za Zege

Dada yangu tunamwita Rula. Usimwonee huruma, jina kalitafuta mwenyewe. Tangu amalize chuo cha uhandisi hajawahi kuingia chumba cha watu akakaa tu. Lazima kwanza atazame dari. Kitanda cha harusi yake alikirudisha kwa seremala mara mbili kwa sababu mguu mmoja ulikuwa mfupi, na mumewe, maskini, akalala chini wiki nzima. Nikamwuliza shemeji anaonaje ndoa. "Mimi nilijua naoa," akasema, "kumbe nakaguliwa."

Mwaka jana ndoa yangu mimi ikanishinda, nikarudi nyumbani na wanangu wawili. Baba akasema hatutabanana, atatujengea vyumba vitatu juu. Baba ni fundi mwashi tangu ujana wake, na nyumba ile aliijenga kwa mikono yake. Nililia kwa furaha. Paa likaezuliwa, mbao za kushikilia zege zikapigiliwa juu ya kuta. Rula alikuwa mbali, kwenye kazi ya daraja, akapiga simu kusema tusianze mpaka afike. Baba hakumsubiri.

Rula akatokea asubuhi ile ile ya kumwaga zege. Hata salamu hakutoa. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo ya ukumbini na tindo na nyundo, akachimba mpaka nondo za ndani zikaonekana, akazipima. Akahamia nguzo ya pili.

"Baba, hizi hazibebi ghorofa."

"Zimebeba nyumba miaka kumi na mitano."

"Zimebeba mabati. Hili ni zege."

Mafundi wakacheka. Baba akakunja uso. "Sikio halipiti kichwa, mwanangu."

"Halipiti, baba. Lakini likisikia hatari, kichwa kinageuka."

Baba akaamuru mashine ya kuchanganya zege iwashwe. Rula akapanda ngazi, akakaa katikati ya zile mbao, akakunja nne.

"Haya, mwageni. Mtanizika humu humu."

Mungu wangu, nilivyochukia! Nikamfuata mpaka juu ya ngazi, nikamtolea yote yaliyokuwa moyoni: kwamba ana kwake, ana mume, ana kazi, na bado ananionea kijicho vyumba vitatu.

"Wanao watalala juu, mama atalala chini," akanijibu. "Zege likishuka, nani tumwache? Chagua wewe."

Hata hivyo hasira haikuniisha.

Ndipo baba akapanda mwenyewe, magoti yakimsumbua. Mimi nikasogea pembeni nimpishe. Akakaa mbele ya Rula na kusema polepole, mafundi wasisikie.

"Najua nondo ni nyembamba, nilijipa moyo tu kwamba zitahimili. Si nilizifunga mimi? Nilikuwa nimeshanunua zile nene, zilikuwa uani. Ukaitwa chuo. Nikazirudisha dukani, nikalipa ada."

Miaka yote hiyo hakuna aliyejua, hata mama. Nilidhani Rula atashuka hapo hapo amwombe baba radhi, maana nani angeweza kuendelea kukaa? Alilia, kweli. Alilia mpaka kamasi zikamtoka, injinia mzima. Lakini hakuinuka.

"Ahsante, baba," akasema. "Nondo zile ulizirudisha ili mimi nijue jambo hili. Basi nalijua. Sishuki."

Baba akamtazama weee. Akajifuta uso kwa kiganja chenye vumbi, akachungulia chini, akawaambia mafundi wazime mashine na walete nyundo za kung'olea misumari. Wakaanza kubandua mbao kutoka pembeni, na dada yangu hakushuka mpaka ulipobaki ule ubao aliokalia.