Siku Niliyopima Mishipa ya Goti kwa Paa la Bucha

Mwaka wa 1958 nilikuwa na miaka kumi, baba akafa, nikatolewa shule darasa la pili nikapelekwa machinjioni kuosha matumbo, na tangu hapo hakuna mtu aliyenipa kitu ambacho sikukitolea jasho. Nayasema haya kwanza ili mjue aliyeaibika ni mtu wa aina gani, kwa sababu mimi niliaibika nikiwa mtu mzima, nina mke, nina watoto, nina bucha yangu pale soko la Kibuye na kanzu ya Ijumaa iliyopigwa pasi, na bado nikapelekwa hospitali juu ya mkokoteni wa kabeji nikipigiwa ngoma. Wazee wenzangu hapa Kisumu mpaka leo wananikumbusha. Afadhali niandike mwenyewe kuliko wao waendelee kuongeza chumvi.

Ilikuwa 1993. Nilikuwa nateremsha nyama kutoka kwa pikapu, paja zima la ng'ombe liko begani, nikakanyaga ukingo wa mtaro, mguu ukabaki pale pale na mwili ukageuka na mzigo wake. Goti likalia kama kijiti kikavu. Likavimba, likapoa, nikadhani yamekwisha, lakini kuanzia siku hiyo nikigeuka ghafla linachomoka (mguu wa juu uko Kisumu, wa chini umeshaelekea Ahero), na mchinjaji asiyeweza kusimama imara mbele ya fahali ni mtu wa kurudishwa kuosha matumbo. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Maumivu nimeyazoea tangu utoto.

Kulikuwa na daktari wa mifupa aliyekuja kutoka Nairobi mara moja moja, mwisho wa wiki, kuona wagonjwa katika hospitali moja ya hapa. Kijana mpole, anaongea polepole. Akaniambia ndani ya goti kuna mshipa unaofunga mfupa wa paja na mfupa wa ugoko, wangu umekatika, na huo haujiungi wenyewe, lazima uwekwe mwingine. Nikamuuliza huo mwingine unatoka wapi. Akasema unaweza kukatwa mbele, kwenye ule mshipa mpana unaoshuka kutoka pia ya goti, pamoja na kipande cha mfupa kila upande. Au unaweza kutolewa nyuma ya paja, ile mishipa myembamba unayoigusa ukikunja mguu. Kisha akasema kuna na wa mtu aliyekufa, unaowekwa kwenye barafu, ila huo uko ng'ambo, kwetu haupatikani. (Hapo nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Mama yangu ni Mjaluo wa kijijini Pap Onditi, angesikia natembea na mshipa wa marehemu tusiyejua kwao wala kaburi lake, angekuja kunililia nikiwa bado hai.)

"Nenda ufikirie, Mzee," akasema, "ongea na mama nyumbani. Jumapili kabla ya adhuhuri uniambie, halafu narudi Nairobi."

Sasa, mtu mwenye akili angeongea na mama nyumbani. Mimi nikajiuliza, huyu kijana anajua nini kuhusu mishipa? Mimi nimekata mishipa tangu yeye hajazaliwa. Nikaamua nitaipima mwenyewe. Uamuzi mdogo tu, nilioufanya nikiwa nakunywa chai.

Jumapili asubuhi, siku ambayo Kibuye hujaa mpaka huoni pa kuweka mguu, nikachukua mguu wa nyuma wa fahali niliyemchinja jana yake, nikatoa mshipa wa mbele na vipande vyake vya mfupa, nikatoa na uzi mmoja wa nyuma. Nikapitisha kulabu kwenye mifupa ya ule wa kwanza, kulabu ya juu nikaifunga kwenye mti wa paa mbele ya bucha, ya chini nikaining'inizia gunia la mahindi. Mshipa ukatulia. Watu wakaanza kusimama. Nikafunga ule wa nyuma kwa fundo, nikaning'iniza gunia lile lile, fundo likateleza, gunia likaanguka.

Nikawaambia watu kwa sauti kwamba daktari wa Nairobi anataka kunifunga goti kwa kamba ya kiatu. Wakacheka, nami nikanenepa.

Mbele ya bucha yangu alikuwa anakaa Mama Otieno, muuza omena, wale dagaa wa ziwa letu, mwanamke ambaye ulimi wake unakata kuliko kisu changu. Akanyanyua kichwa kutoka kwa omena zake.

"Baba Zuhura, gunia la mahindi ni nini? Wewe unalizidi gunia kwa tumbo peke yake. Kama unauamini huo mshipa, si uning'inie wewe?"

"Nitaning'inia."

"Omera, ndugu yangu, ning'inia basi, tuone, turudi kuuza."

Mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa ndani anafunga nyama, akatoka akasema nisithubutu, na mimi nikamwambia arudi ndani (neno hilo nimelilipia mpaka leo). Nikashika kulabu ya chini kwa mikono miwili, nikakunja miguu, nikabembea kidogo ili hata walio nyuma waone.

Nataka niseme ukweli wa Mungu: mshipa haukukatika. Kilichokatika ni mti wa paa, ambao mchwa walikuwa wamekula ndani kwa ndani. Mabati yalishuka, mizani ikashuka, mapaja mawili na ubavu mzima vikashuka, na mimi chini yake, nimetua kwa goti lile lile. Kulikuwa kumenyesha. Kabla sijafungua macho mbwa walishafika, na mmoja wao aliondoka na ule mshipa, kulabu ikimfuata nyuma ikigonga mawe.

Nikajaribu kunyoosha mguu, ukakataa. Goti lilikuwa limejifunga katikati, halikunjiki wala halinyooki. Hapo ndipo kiburi kiliponitoka chote. Nililala kwenye tope nikiwaza yale matumbo ya utotoni na ndoo ya machinjioni.

Mama Otieno hakucheka. Alitupa ungo wake, akamwita Okoth wa mkokoteni, wakasukuma kabeji upande mmoja wakanipandisha, yeye akashika nyuma na mke wangu akashika kichwa changu. Nilikuwa bado nimevaa aproni ya bucha, imejaa damu ya ng'ombe, na suruali imepasuka mahali pasipotajika. Tulipofika barabarani tukakutana na wale waumini wa Kikristo wa kanzu nyeupe wanaotembea Jumapili na bendera na ngoma. Mama mmoja wa mbele akaona damu, akapiga ukemi kwamba mtu amechinjwa sokoni, na kabla sijasema kitu walikuwa wameuzunguka mkokoteni wote, wananiombea kwa Dholuo, ngoma inalia, bendera inapepea juu ya kabeji. Nikawaambia mimi ni Mwislamu. Kiongozi wao akaniwekea mkono kwenye paji la uso akasema, "Mungu anajua, Mzee, wewe lala." Wakafungua njia. Watu walisimama kando kama anapita mkubwa wa serikali. Jirani zangu wa msikitini walinitazama kutoka hoteli ya chai na hakuna aliyenyanyua mkono. Baadaye waliniambia walidhani nimebadili dini.

Daktari alikuwa ameshawasha gari. Akasikia ngoma langoni, akazima, akatoka kuona kuna nini. Hebu fikirini: bila zile ngoma nisingemkuta, na angechukua mwezi mzima kurudi.

Alinishika goti, akalizungusha taratibu mpaka likaachia, nami nikalia mbele za watu. Akasema kuna kipande cha gegedu kilichopasuka na kujibana ndani, kwa hiyo goti haliwezi kungoja tena. Halafu akauliza nimefanyaje. Mama Otieno akamweleza yote, hakuacha hata mbwa.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akasema ule wa nyuma hatumii uzi mmoja, huchukua miwili na kila mmoja hukunjwa, inakuwa minne pamoja, na wala hafungi fundo. Ikikaa hivyo haina unyonge wowote. Wa mbele nao ni mzuri, mfupa wake hushika upesi. Kisha akanigeukia.

"Lakini Mzee, nguvu si swali pekee. Ng'ombe hana maisha ya baadaye. Wewe goti hili unalifanyia nini kila siku?"

Nikamwambia: kubeba nyama, kusimama, kuangusha fahali. Nikajitutumua hapo kitandani.

"Na kusali," mke wangu akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo tangu nilipomfukuza ndani. "Daktari, huyu hupiga magoti kwenye mkeka kila swala, hajawahi kusalia kwenye kiti."

Daktari akavaa miwani yake tena. Akasema hilo ndilo alilotaka kusikia, kwa sababu wengi wanaokatwa mbele hubaki na maumivu wakipiga magoti, wengine miaka. Wa nyuma utamwacha na udhaifu kidogo akivuta kisigino, lakini magoti atapiga. Hakuna aliyenitazama mimi. Walikuwa wanaamua wao wawili, na kwa mara moja maishani mwangu nikaona ni sawa.

Nikasema, "Nyuma."

Nilipasuliwa. Kupona kulikuwa kwa polepole, na muda wote huo Mama Otieno alikaa kwenye bucha yangu na mke wangu, akiwafokea wateja, ili pahali pangu pasichukuliwe, na omena zake akaziuzia hapo hapo karibu na maini. Siku niliyoweka paji la uso chini tena na goti likakubali, nilikaa kwenye sijida mpaka imamu akadhani nimelala.

Sijapima tena kitu chochote ambacho kuna mtu amesomea kukipima. Na mke wangu akisema nisithubutu, sithubutu.

Leo nina bucha mbili, ya Kibuye na ya Kaloleni. Nina nyumba ya mawe. Nina ng'ombe kwa wajomba huko Pap Onditi. Nina jirani muuza omena ambaye hapangi foleni kwangu. Nina kundi la kanzu nyeupe ambalo kila Idd hupokea mguu mmoja wa ng'ombe, na kila Jumapili likipita mbele ya bucha, mpiga ngoma hunitazama goti na kuongeza pigo moja. Nina mke yule yule. Nina goti moja nililozaliwa nalo na moja la kushonewa, na yote mawili yanafika kwenye mkeka. Na mti wa paa sasa ni wa chuma.