Ukungu Kwenye Uso wa Mtoto

Ukoo wetu ulitoka Maniema, ukashuka na mto hadi Ubundu, ukapanda treni mpaka Kisangani, na katika mizigo yake ulibeba desturi moja ambayo hatujaiacha. Mtoto ana majina mawili. La kwanza ni la cheti, wazazi huchagua wanavyopenda. La pili ni la nyumbani, nalo hutolewa na bibi. Bibi humpakata mtoto, humtazama usoni kimya kimya mpaka atambue amekuja na sura ya nani katika ukoo, kisha humpa jina la mtu huyo. Bibi asipomtazama mtoto, jina hakuna.

Mdogo wangu alijifungua ng'ambo, kwenye nchi ya baridi, na karatasi zake hazikumruhusu kusafiri. Mtoto alianza kucheka, akaanza kukaa, jina la nyumbani bado. Kila Jumapili alipiga simu ya picha. Mama alichukua simu yangu, akaiweka mbali, akaiweka karibu, akanirudishia.

"Naona ukungu tu," alisema. "Siwezi patia ukungu jina."

"Yaya, tafuta connexion ya muzuri," mdogo wangu alinisihi; kwetu yaya ni dada mkubwa. "Mama iko anazeeka. Akituacha mbele ya kumuona huyu, mutoto wangu atakuwa mutu wa nani?"

Nilimwelewa. Na sikuwa na shaka hata chembe kwamba kosa ni la mtandao, maana sisi wa Kisangani mtandao ndiye mshitakiwa wetu wa kila siku. Mtu akichelewa kazini, ni réseau. Mchumba akikaa kimya, ni réseau. Nimewahi kusikia mtu akisema hivyo juu ya maharage yaliyokataa kuiva.

Ndipo nilipoanza kulinganisha makampuni ya mtandao. Wa kwanza kufika uani alikuwa kijana aliyeletwa na toleka, zile baiskeli zetu za abiria, huku amepakata kisanduku cheupe cha kunasa mtandao. Alikisifu mpaka jasho likamtoka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, niliwaza, lakini nilikichukua. Nilikipenda kile kisanduku, niseme kweli. Kilikuwa na taa ndogo ya buluu, na asubuhi, mji ukiwa bado umejifunika mvuke wa mto, taa ile iliwaka kwenye kona ya sebule nami nikakaa mbele yake na chai yangu, nikiwaza kwamba mahali fulani theluji inaanguka na picha ya theluji ile iko njiani kuja kwetu. Umeme wa maporomoko ya Tshopo ukikatika, taa inazimika, nami narudi Kisangani. Mama alitazama picha iliyoletwa na kisanduku mara kadhaa.

"Ukungu," alisema.

Kampuni ya pili ilitusimikia antena juu ya bomba refu, ikielekea mnara wa katikati ya mji. Jua likiwaka ilikimbia vizuri. Lakini mvua yetu hutoka msituni taratibu, unaisikia kwanza kwenye mabati ya mbali, halafu ya jirani, halafu yako, na ilipofika kwetu antena ililala usingizi. Sikukasirika. Jioni nzima nililala kwenye mkeka nikisikiliza mabati, na uso wa yule mtoto uliokwama kwenye simu, jicho moja limefumba, ulinitazama kama mtu aliyesinzia katikati ya neno. Nilitamani mvua isiishe.

"Ile nayo iko na ukungu," alisema Mama kesho yake, jua likiwa limetoka.

"Mchagua jembe si mkulima," jirani alinicheka kutoka upande wa pili wa ua. Huyu ni mzee tunayemwita tonton, mwenye mvokado mkubwa, yaani mparachichi, na mvokado huo ulikuja kuwa kesi. Kampuni ya tatu ilikuwa ya sahani inayotazama angani, na fundi alipopanda juu ya nyumba alishuka akitikisa kichwa.

"Maman, sahani inataka mbingu tupu. Ile tawi iko inaziba mbingu yako."

Tonton alikubali tukate tawi, kwa sharti tumpe mot de passe, nywila ya kuingia kwenye mtandao wetu. Mpaka leo anakaa na kiti chake palepale penye ua, simu mkononi, anasema anapunga upepo.

Jumapili iliyofuata picha ilikuja. Sijawahi kuona kitu kama kile. Niliona uzi uliochomoka kwenye kofia ya mtoto. Niliona dirisha nyuma ya mdogo wangu, na nyuma ya dirisha mti mtupu, na juu ya mti ndege mweusi. Nilihisi nikinyoosha mkono nitagusa baridi. Nilimpa Mama simu nikiwa nimejaa fahari, kana kwamba mtoto nimemzaa mimi.

Mama aliiweka mbali. Akaiweka karibu.

"Na hii iko na ukungu," alisema.

"Mama, wapi ukungu?" Hasira zilinipanda. "Hii haina hata kidogo!"

Mama alichukua ncha ya kikwembe chake akafuta kioo cha simu, polepole, kwa uangalifu. Kioo kilikuwa safi. Akakisogeza mpaka karibu na pua, na mwanga wa ile theluji ukampiga usoni. Hapo nikaona. Katikati ya jicho lake, mahali panapopaswa kuwa peusi, palikuwa peupe kama maji ya kuoshea mchele.

Nikakumbuka mawe tuliyokuwa tukiyatafuna kwenye wali, wakati mchele wa nyumba hii Mama ndiye aliyeuchambua siku zote.

"Tangu lini, Mama?"

"Kitambo."

"Na haukusema?"

"Nilizani ni réseau."

"Na watu wa njiani? Hawa nao unawaona na ukungu?"

"Njiani ni vumbi," alisema. "Na muchele, ni muchele ya siku hizi."

Nilicheka, machozi yakanitoka hapohapo. Ng'ambo mdogo wangu alikuwa amesikia yote. Picha ile nzuri ilinionyesha akimsogeza mtoto karibu na kamera. Nilimwambia Mama kwamba wapo madaktari wa macho, kwamba tutaenda wiki hiihii. Alinyamazisha maneno yangu kwa mkono.

"Tutaenda. Lakini mutoto iko hapa sasa. Angalia kwa nafasi yangu. Sema."

Basi nikatazama. Miezi yote ile nilikuwa nimetazama taa za visanduku na matawi ya mvokado, yule mtoto sikuwa nimemtazama. Nilianza taratibu. Nilisema paji la uso ni pana. Nyusi zinakaribia kukutana, katikati pana vinywele vichache.

Mama alifumba macho. Midomo yake ilipita juu ya majina ya marehemu: mama yake, shangazi zake, baba yetu. Kila mmoja alimsimamisha kidogo, akamwacha.

"Kidevu?"

"Kiko na kashimo katikati."

"Masikio?"

"Ya kushoto imejikunja kwa juu. Ya kuume, hapana."

Nilipoinua macho, niliona mkono wake. Vidole vilikuwa vimeshapita kwenye nyusi zake, vimeshuka kwenye kidevu, vimekaa kidogo kwenye kile kishimo ninachokijua tangu nizaliwe. Sasa vilipanda kwenye sikio la kushoto, vikashika ncha iliyojikunja, vikatulia.

"Nilikuwa natafuta kwa wafu," alisema kwa sauti ndogo. "Kumbe mutu mwenyewe iko hapa."

Aliinamia simu, na macho yake bado yamefumba.

"Ndoyi," aliita, kama sisi tunavyomwita yule tuliyempa jina letu. "Ndoyi yangu."

Kwenye nchi ya baridi, mtoto akageuza kichwa, akamtafuta anayemwita.