Sebule ya Waridi ya Mke wa Shemeji

Mimi ndiye niliyetangulia kuolewa katika familia ile ya Rhotia. Miaka minne baadaye mdogo wake mume wangu naye akaoa, akajenga ng'ambo ya ua, mlango wake ukitazamana na wangu. Mkewe aliniita dada, nami nikamwita mdogo wangu. Tulipalilia pamoja na kubebeana watoto, na sikuwa na neno naye mpaka rangi ilipokuja.

Shemeji alikuwa mpishi katika hoteli ya watalii huko juu, ukingoni mwa kreta. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, madukani hakuna sabuni wala sukari, sembuse rangi. Vyumba vya wageni vilipopakwa upya, yakabaki makopo mawili, naye akaruhusiwa kuyachukua. Akashuka nayo kwa lori la mboga. Jumamosi wakapaka sebule, Jumapili baada ya ibada tukaitwa kuiona.

Nilikuwa nimejiandaa kusifu kidogo tu. Nilipoingia, hata hayo machache hayakutoka. Ilikuwa rangi ya waridi, laini, yenye uvuguvugu, na nje ukungu ulikuwa bado haujaondoka mashambani. Mama mkwe wetu alipitisha kiganja ukutani, akasema neno kwa Kiiraqw, kisha akatafuta Kiswahili chake.

"Kama ulimi wa ndama," akasema, akavuta kiti.

Tangu siku hiyo chai ya saa kumi akawa anainywa kule. Akina mama wa kanisani nao, waliozoea kukutana kwangu, wakaanza kuuliza kama mdogo wangu ana nafasi. Nikikaa mlangoni kuchambua maharage nilisikia vicheko vyao. Nikigeuka nyuma nilitazamana na kuta zangu za udongo, nyeusi kwa moshi mpaka kwenye kenchi za paa.

"Na sisi tupake," nikamwambia mume wangu.

"Tupake nini? Nyumba haivuji."

Siku ya mnada mdogo wangu aliniachia ufunguo niwaangalie vifaranga wake. Vifaranga niliwaona mara moja. Kisha nikaingia sebuleni, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kiti cha mama mkwe. Jua la mchana lilipita dirishani likaangukia ukuta, na mikono yangu, iliyokuwa imepasuka kwa jembe, ikaonekana mizuri. Jambo hilo liliniudhi kuliko yote. Nikaenda nyuma ya mlango, nikakwangua rangi kwa ukucha, kipande cha upana wa kidole gumba. Nilijiambia nachukua mfano wa kuiga. Lakini nilikwangua kwa nguvu kuliko mfano ulivyohitaji.

Wiki iliyofuata nikapata chokaa kwa fundi mmoja. Nikachimba udongo wetu mwekundu, nikauchekecha kwa kitambaa, nikauchanganya kidogo kidogo nikilinganisha na kile kipande. Ulipokauka ukutani, naapa, ulikaribia sana. Nikawaita akina mama wote, na mama mkwe, na mdogo wangu.

Walisifu. Walikaa wakaegemea ukuta, wakaimba, wakasali. Waliposimama kuondoka niliona migongo yao: masweta, vitenge, kitambaa cheupe cha mke wa mwinjilisti, vyote vimejaa vumbi la waridi. Hakuna aliyecheka mbele yangu. Mdogo wangu alivua kanga yake ya juu akaanza kuwapangusa mmoja mmoja, polepole, kama anayepangusa watoto. Afadhali angecheka.

Walipokwisha kuondoka akabaki.

"Dada, uliweka chumvi?"

"Chumvi ya nini?"

"Chokaa bila chumvi haishiki. Fundi wa hotelini alimwambia baba watoto." Akakigusa kile kipande nilichokisahau dirishani. "Ungeniuliza tu. Ningekupa hata kopo lenyewe, limebaki robo."

"Ulijua?"

"Nilifagia nyuma ya mlango siku ileile. Panya hali rangi, dada."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Yamekwisha."

Kesho yake alikuja na chumvi na lile kopo. Tulikwangua kuta zangu na kupaka upya pamoja, na safari hii rangi ilishika. Ilikuwa nzuri. Lakini kila aliyeisifu nilimsikia akimsifu yeye, na mama mkwe hakurudi kunywa chai kwangu. Siku moja nilijikaza nikamuuliza, "Mama, sasa kuta si zinafanana?"

"Zinafanana," akasema. "Ila kule kuna sukari."

Mwaka uliofuata shemeji alipata nyumba ya wafanyakazi kreta, wakahama wote. Nilimsaidia mdogo wangu kufunga vyombo, nikambeba mwanawe wa mwisho mpaka barabara kuu. Lori lilipoondoka alinipungia mpaka lilipokata kona ya kuelekea Karatu, nami nikalia, machozi ya kweli, kwa kuwa sijapata tena jirani kama yule. Kisha, nikipandisha njia ya nyumbani peke yangu, nikajikuta naharakisha ili niwahi kumwandalia mama mkwe chai.