Siku Yangu ya Kuzaliwa Iliandikwa Dirishani

Karatasi ya kuzaliwa kwa mtu mzima inataka mashahidi wawili. Basi mimi, ninayewafundisha wanafunzi historia kila juma na sijui hata nilizaliwa lini, nilifika kwenye dirisha la ofisi ya serikali Likasi na mke wangu na marafiki wangu wawili wa tangu ujana, wa kule kwenye tanuru la shaba.

“Citoyen alizaliwa siku gani?” karani aliuliza.

“Mwaka ya nzige, ile walikula mashamba yote,” mmoja alijibu.

“Apana, mbele ya nzige,” mwenzake akapinga. “Uyu iko muzee sana.”

Walibishana mpaka karani akaweka kalamu chini. Mke wangu akasogea dirishani kwa karani.

“Mwaka, andika ya nzige. Siku, andika ya leo. Leo wote tuko.”

Tangu hapo marafiki wale wanakuja kila mwaka, siku ileile, kula samaki wa ziwa Tshangalele na kuniita mtoto wao, maana walinizaa pale dirishani. Najifanya wamenichosha, lakini siku hiyo tangu asubuhi niko mlangoni, nachungulia njia.